Protini ndogo zinazolinda seli, na jinsi saratani ya matiti inavyozitumia

Dada yako ameshapata mizunguko kadhaa ya dawa za saratani. Mwanzoni uvimbe ulipungua, nyumbani mkashukuru Mungu. Kisha siku moja daktari anawaambia kuwa uvimbe umeacha kupungua na huenda dawa ikabadilishwa. Dawa ni ile ile na mgonjwa ni yule yule, sasa kwa nini isifanye kazi?

Majibu yako mengi. Mojawapo linahusu protini ndogo ambazo hata wewe unayesoma hapa unazo mwilini sasa hivi. Wataalamu huziita protini ndogo za mshtuko wa joto.

Jina hilo linatisha kuliko protini zenyewe, na lilitokana na tukio la bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanasayansi wa Italia, Ferruccio Ritossa, alikuwa akichunguza seli za viluwiluwi vya nzi wa matunda. Kabati la kuhifadhia viluwiluwi hivyo likawa limeongezwa joto kuliko kawaida, na alipotazama seli kwa darubini aliona sehemu za kromosomu zimevimba, dalili kwamba jeni fulani zimeamshwa. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1962. Baadaye ikafahamika kuwa jeni hizo zilikuwa zikitengeneza protini za kuikinga seli. Joto ndilo lililozifichua, lakini si joto peke yake linaloziamsha. Seli ikikosa oksijeni, ikipata sumu au ikijeruhiwa, nayo huziita.

Kazi yake mwilini

Chukua yai bichi. Ute wake ni maji maji yanayopenya mwanga. Ukilichemsha, ute unakuwa mweupe na kuganda, na hata likipoa haurudi ulivyokuwa. Kilichotokea ni kwamba protini za ute zilikuwa zimekunjwa kwa umbo maalumu. Joto likazikunjua, zikashikana zikawa bonge.

Ndani ya seli zako hatari hiyo ipo kila siku. Protini ikikunjuka vibaya, protini ndogo za mshtuko wa joto huishika isigandane na wenzake, mpaka protini nyingine kubwa zaidi zije kuikunja upya. Binadamu ana aina 10 za protini hizi ndogo. Mbili zinatajwa sana kwenye saratani ya matiti: HSP27, na nyingine iitwayo alfa-B kristalini. Hiyo ya pili imejaa kwenye lenzi ya jicho, ambako husaidia lenzi ibaki angavu. Protini za lenzi zinapogandana kwa wingi, tunapata ule ukungu tunaouita mtoto wa jicho.

Kwa hiyo hizi si protini mbaya. Bila kazi yake tungeumia: hitilafu katika jeni ya HSP27, kwa mfano, zinajulikana kusababisha ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaodhoofisha miguu na mikono.

Saratani inapozigeuza ngao

Kuna jambo ambalo kila mama aliyenyonyesha limempitia bila kulihisi. Ukimwachisha mtoto ziwa, seli nyingi zilizokuwa zikitengeneza maziwa hufa. Hazifi kwa kuoza wala kwa jeraha. Hufa kwa utaratibu, kila moja ikijivunja yenyewe, na mwili ukasafisha mabaki. Utaratibu huo upo kwenye kila kiungo. Seli iliyoharibika au isiyohitajika tena hupewa amri ya kujiua, nayo hutii.

Seli ya saratani haitii. Na protini zetu ndogo zinachangia ukaidi huo. HSP27 huweza kuikamata moja ya ishara zinazoanzisha kifo hicho kabla haijafika mbali. Alfa-B kristalini huzuia kimeng'enya kimoja muhimu kisikomae, nacho ndicho kingeivunja seli.

Sasa fikiria hali ndani ya uvimbe. Seli zimesongamana, damu haifiki vizuri, oksijeni ni haba. Kisha inaingia dawa ya saratani, ambayo kwa seli hizo ni sumu. Zote hizo ni shida za aina ile ile inayoziita protini za kinga. Kwenye maabara, seli za saratani ya matiti zenye HSP27 nyingi zimeonekana kustahimili baadhi ya dawa kuliko zenye kidogo. Nasisitiza neno maabara, kwa sababu mwili wa mtu una mambo mengi zaidi, na tafiti kwa wagonjwa kuhusu HSP27 hazikubaliani: nyingine ziliihusisha na hali mbaya, nyingine hazikuona tofauti.

Kwa alfa-B kristalini picha iko wazi kidogo. Tangu utafiti wa mwaka 2006, imeonekana mara nyingi katika saratani za matiti zisizo na vipokezi vitatu, yaani zisizo na kipokezi cha estrojeni, cha projesteroni, wala wingi wa HER2. Aina hii huwapata zaidi wanawake vijana na wanawake wenye asili ya Afrika, hukua haraka, na dawa za kuzuia homoni hazifanyi kazi kwake. Tibakemikali hufanya kazi, na mara nyingi hutolewa kabla ya upasuaji.

Je, kuna dawa ya kuzizima?

Bado haipo ya kumwandikia mgonjwa wa saratani ya matiti. Dawa moja ya kuzuia seli isitengeneze HSP27, iitwayo apatorsen, ilijaribiwa kwa watu wenye saratani nyingine, ikiwemo ya kibofu na ya kongosho, lakini haikufika kuidhinishwa. Ugumu mmoja ni kwamba protini hizi hazina mfuko wa kupokelea nishati ambao dawa ingejibana ndani yake, kama ilivyo kwa protini kubwa za jamii yake. Ugumu mwingine ni ule wa moyo, misuli na macho kuzihitaji.

Basi mtu akikuuzia unga, mafuta au chai "ya kuua protini za saratani", hela yako iokoe kwa nauli ya kliniki. Na usiogope jiko, jua, wala kitambaa cha moto ulichokandia titi lililojaa maziwa. Hayo hayaleti saratani kwa sababu ya protini hizi.

Vilevile, hospitali haitakupima HSP27, na hujapunjwa. Vipimo vya kuulizia ni vile vitatu vya vipokezi, vinavyofanywa kwenye kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe, kwa sababu ndivyo vinavyoamua dawa. Uliza: "Majibu ya estrojeni, projesteroni na HER2 yametoka?" Omba nakala, uiweke pamoja na kadi ya kliniki. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa awe amejua ugonjwa wake ndani ya siku 60 tangu afike kituoni mara ya kwanza. Ukiona wiki zinapita kimya, rudi ukaulize. Anayenyonyesha na ana uvimbe usioisha baada ya wiki mbili, naye aende. Si kila uvimbe wa mnyonyeshaji ni maziwa yaliyoganda.

Na dozi zifuatwe kwa tarehe zake. Seli zilizonusurika dozi ya kwanza hukua tena katika muda unaoongezwa. Nauli ikikosekana au mgonjwa akichoka na kichefuchefu, mwambie muuguzi mapema. Kichefuchefu kina dawa, na tarehe hupangwa upya na daktari, si na sisi nyumbani.

Kuna joto moja tu la kukuhangaisha katika safari hii. Mgonjwa aliye kwenye tibakemikali akifika nyuzi 38 au zaidi, kinga yake inaweza kuwa imeshuka mno. Usingoje asubuhi, wala usimpe dawa ya homa ukamlaza. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na ukifika mapokezi sema kwanza kabisa kwamba yuko kwenye dawa za saratani.