"Haiwaki" na "Plagi" katika Vitabu vya Ufundi

Asubuhi za Juni na Julai huko Njombe na Makete, dereva husema, "Gari haiwaki." Katika mazungumzo neno hilo latosha, kwa mfasiri wa kitabu cha ufundi halitoshi. Injini isiyozunguka, au inayozunguka kwa uzito, huwa na tatizo la betri iliyodhoofishwa na baridi, nyaya zilizolegea, au oili iliyokuwa nzito. Injini inayozunguka vema bila kuwaka ina kasoro nyingine, ya mafuta au ya joto. Hivyo tunapendekeza "haizunguki" itengwe na "haiwaki". Anayeyachanganya maneno hayo aweza kumnunulisha mtu betri asiyoihitaji.

Neno linalotusumbua zaidi ni "plagi". Katika injini ya petroli plagi hutoa cheche. Injini ya dizeli haihitaji cheche: hewa ikishindiliwa hupata joto la kuwasha mafuta, lakini chuma kikiwa baridi hulinyonya joto hilo. Ndiyo sababu injini nyingi za dizeli huwekewa kifaa cha kupasha joto chumba cha mwako kabla stata haijaizungusha injini. Kifaa hicho nacho huitwa plagi! Mwanafunzi akisoma "kagua cheche ya plagi" katika mwongozo wa dizeli atatafuta kisichokuwapo. Tunaona afadhali kuandika "plagi ya cheche" na "plagi ya joto", hata kama sentensi itarefuka. "Choki" tuiache ilivyo. Ni ya kabureta, na mafundi wanaielewa.