Tangi la Samaki Lisilo na Samaki

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini tangi la kioo lililoko sebuleni kwetu Embulbul lina wiki tatu na halina hata samaki mmoja. Ati tunafuga maji! Jibu ni hili.

Samaki wa tangini huishi ndani ya choo chake mwenyewe. Taka zake na mabaki ya chakula hutoa amonia, ile ile inayochoma pua ukiingia zizini kwa mbuzi. Bakteria fulani huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Jirani yetu mmoja alitia samaki sita siku ile ile aliyojaza maji. Maji yalikuwa maangavu kabisa, lakini kabla ya wiki kwisha wanne walikuwa wanaelea tumbo juu.

Basi sisi tuliosha changarawe bila sabuni, tukajaza maji ya mfereji na kuyaacha siku mbili ili klorini itoke, maana klorini huua bakteria pia. Kisha tukawasha pampu ivute maji kupitia sponji. Bakteria hawa hukaa hasa kwenye sponji na changarawe, na wanahitaji hewa. Stima ikipotea muda mrefu, wanakufa. Kila siku mimi hutia punje chache za chakula kioze, kitoe amonia ya kuwalisha. Kazi hii huchukua kama wiki nne hadi sita. Ukipata sponji kuukuu kutoka tangi la rafiki mwenye samaki wazima, muda utapungua sana. Njia ya mkato ninayoiamini ni hiyo tu.

Maji yenye magadi yataka hadhari zaidi, kwani humo amonia huwa kali zaidi. Tena hapa Kajiado tunaye bingwa, tilapia wa Ziwa Magadi. Maji yake yana pH ya karibu 10, na mwilini amonia haitoki kwa urahisi, basi yeye hutoa urea kama sisi binadamu. Wanasayansi walilieleza jambo hilo mwaka wa 1989. Gapi wa dukani hana ufundi huo, jamani.

Tunapima kwa vikaratasi vinavyobadilika rangi. Amonia na nitriti zikikaa sufuri siku kadhaa huku chakula kikiendelea kutiwa, tutabadilisha sehemu ya maji, kisha tutie gapi watatu. Kaka yangu anataka kumi. Bado tunabishana.