Sura ya Nne: Kioo, Risiti na Ghorofa

Mwenye gari wa Dar es Salaam akiamka akakuta vioo vya pembeni vimeng'olewa usiku, majirani hawamwambii kwanza aende polisi. Wanamwambia: "Nenda Gerezani." Ushauri huo una uonevu ndani yake. Wafanyabiashara wengi wa Gerezani wanauza spea za mtumba zilizoingia kihalali kwa meli, na mafundi wa eneo hilo wanaishi kwa kuchomelea, kunyoosha bodi na kufufua injini ambazo wengine wamezikatia tamaa. Lakini sifa mbaya ya kuuza vya wizi ikishakushika haikuachii kirahisi. Ndiyo maana magari mengi jijini yamechorwa namba ya usajili kwenye kila kioo, ili mwizi akikiuza, mnunuzi aone aibu.

Tuseme mwenye gari ameshuka mwendokasi kituo cha Gerezani, akapata kioo kinachomfaa kwa nusu ya bei ya dukani. Pale penye namba pamekwanguliwa. Anunue?

Jeremy Bentham na John Stuart Mill, Waingereza walioijenga nadharia ya matokeo, wangemtaka apime faida na hasara ya wote wanaoguswa. Kioo kimekwisha kuibiwa, na asipokinunua yeye atakinunua mwingine. Gari lake litatembea kwa usalama, trafiki hatamsimamisha, fundi atapata ujira wa kukifunga. Hadi hapo hesabu inamruhusu. Akiendelea kidogo, ataona kwamba pesa anayotoa leo ndiyo itakayomtuma kijana mwingine kuzunguka na bisibisi Sinza au Tabata wiki ijayo. Nadharia yenyewe haina kosa hapo. Kasoro iko kwa anayehesabu, maana mwenye shida huacha kuhesabu mara tu jibu linapompendeza.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, aliukataa mzani huo. Yeye anamuuliza mnunuzi kama angeridhia kanuni anayoifuata iwe kanuni ya kila mtu. Katika jiji ambalo kila aliyeibiwa hujifidia kwa kununua cha wizi, vioo vingehama gari hadi gari bila kukoma. Sheria ya Tanzania iko upande wa Kant: kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Namba iliyokwanguliwa ni sababu tosha.

Aristotle haanzii kwenye kioo. Anaanza na mtu aliyesimama mbele ya kioo: amezoea kufanya nini, na akifanya hili leo, kesho litamwia jepesi kiasi gani? Kwake, uadilifu hujengwa kwa kurudiarudia matendo, na mwenye tabia iliyokomaa hujua nini kinafaa, kwa nani, wakati gani. Fikra hiyo ilipoa kwa muda mrefu katika vyuo vya Ulaya hadi Elizabeth Anscombe alipoandika makala yake kali ya 1958, akifuatiwa na Philippa Foot, kisha Alasdair MacIntyre na kitabu chake cha 1981.

Watu wa pwani hawakuhitaji kuwasubiri. Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, aliandika kwa Kiarabu kitabu cha kuadilisha tabia akimtegemea sana Aristotle, na fani hiyo ya akhlaki ikaenea katika ulimwengu wa Kiislamu. Mombasa, Ahmad Nassir alitunga utenzi mzima juu ya utu, na Kai Kresse akauchambua katika kitabu chake cha 2007 kuhusu wanafikra wa mji huo. Mama lishe wa Gerezani anaposema kuhusu mteja wake, "Yule hana utu," hataji kanuni iliyovunjwa wala hapimi hasara. Anamhukumu mtu mzima-mzima, kwa mambo aliyomwona akiyafanya miaka yote.

Vuka barabara uingie Kariakoo, na mtihani unabadilika sura. Mashine za kielektroniki za risiti zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na kodi ya ongezeko la thamani Bara imekuwa asilimia 18 kwa miaka mingi. Muuzaji anataja bei mbili: hii na risiti, hii bila risiti. Kant hapati taabu hapa. Mwenye kupima matokeo atakumbuka dawa za zahanati na madawati ya shule, ingawa mnunuzi mwenye pesa ya kuhesabu atakumbuka nauli yake kwanza.

Anayeiangalia tabia ndiye anayebanwa zaidi. Mwenye duka anayetoa risiti kwa kila mteja anazidiwa bei na jirani yake wa ukuta mmoja, na uaminifu wake unaweza kumfungisha duka. Tarehe 15 Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kweli, ila kwa mgomo: wafanyabiashara walilalamikia kamatakamata ya watoza kodi na usajili wa stoo, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza. Kumtaka mtu awe mwadilifu peke yake katika soko ambalo muuzaji na mtoza kodi hawaaminiani ni kumtaka mengi. Aristotle mwenyewe aliliona hilo, ndiyo maana kitabu chake cha maadili kinaishia kwa kutaka sheria na dola zichunguzwe. Wanaomsoma kama mshauri wa mambo binafsi huzifunga kurasa mapema mno.

Halafu kuna ghorofa.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi. Waliofika kwanza walikuwa watu wa mtaani, kwa nyundo na mikono mitupu. Ushujaa, anasema Aristotle, uko kati ya woga na upapara, na siku ile mpaka huo ulipita katikati ya kifusi: kijana anayejipenyeza kwenye tundu ili kumvuta mtu anaweza kuliangusha zege juu ya wote wawili. Waokoaji nao walikuwa na mtihani wao. Mashine kubwa zingefungua njia haraka, lakini zingeweza kuwaponda waliokuwa hai chini, baadhi yao wakizungumza na ndugu zao kwa simu. Mzani wa matokeo unataka idadi, na idadi hakuna aliyekuwa nayo. Amri ya kutomdhuru asiye na hatia haisemi uchimbe wapi. Kilichobaki ni busara ya mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo, anayesikiliza, anayejua ni lini aache sururu na kushika kipande kwa mkono. Zaidi ya watu 80 waliokolewa. Siku nne baadaye idadi rasmi ya vifo ilikuwa imefika 20, na ikaendelea kupanda.

Swali gumu zaidi liko nyuma ya siku hiyo. Taarifa za wakati ule zilitaja kazi za ujenzi zilizokuwa zikiendelea chini ya jengo, na kabla Novemba haijaisha wamiliki walipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu wakishtakiwa kuua bila kukusudia. Nani mwenye hatia ni kazi ya mahakama. Falsafa ya tabia inaangalia mlolongo mrefu zaidi, wa kila anayepita kwenye jengo lenye ufa akanyamaza. Jiji lilishapata onyo: Ijumaa Kuu ya 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Kisutu lilianguka na kuua watu zaidi ya 30.

Hapa nadharia ya tabia inahitaji kudhibitiwa. Kibarua anayelipwa kwa kutwa akikataa kuchimba chini ya nguzo, jioni anarudi bila pesa ya unga, na nafasi yake inachukuliwa kabla ya saa sita. Kumlaumu yeye kwa kukosa ushujaa ni dhuluma. Lawama za tabia zianzie kwa wanaoweza kusema hapana na bado wakala: mwenye jengo, mhandisi, ofisa wa halmashauri anayepitisha kibali. Bodi ya Usajili wa Wahandisi huwaapisha wahandisi hadharani, kwa hiyo mtu anayesaini michoro ya jengo la Kariakoo amekwisha kula kiapo kabla hajafika eneo la kazi, na yeye ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza.