Mstari wa Michango Kwenye Tovuti: Nani Anausogeza?

Tangu miradi yetu ianze kuwekwa kwenye tovuti ya dayosisi, kamati za sharika na wafadhili wamekuwa wakituuliza swali moja: ule mstari unaojaa rangi ya kijani unasogezwa na nani, na mbona wakati mwingine unasimama ilhali fedha zimekwisha kutolewa?

Mstari wenyewe haujui lolote kuhusu fedha. Unachora tu uwiano wa namba mbili, yaani lengo la mradi na kiasi kilichopokelewa. Tuseme usharika unajenga tangi la kuvuna maji ya mvua kwa bajeti ya shilingi 24,000,000, na zilizopokelewa ni 15,000,000. Gawanya kiasi kilichopokelewa kwa lengo, zidisha kwa 100, unapata asilimia 62.5. Hesabu hiyo hufanywa na skripti, ambayo ni maagizo mafupi yaliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript, iliyoanza mwaka 1995. Maagizo hayo hutekelezwa ndani ya simu au kompyuta ya msomaji mwenyewe. Ukurasa ukifunguka, skripti inaiuliza seva namba ya sasa, inapiga hesabu na kupaka rangi. Baada ya dakika chache inauliza tena, na inaletewa namba peke yake bila kupakia upya ukurasa wote. Hilo linawafaa wenye vifurushi vidogo, kwa kuwa picha hazishuki mara ya pili.

Kwa hiyo kinachosogeza mstari ni namba iliyoko kwenye seva, na namba hiyo huingizwa kwa mkono na mhasibu baada ya kuona slipu ya benki. Skripti inaweza kuuliza mara mia kwa siku. Kama slipu bado iko kwenye droo ya mtunza hazina wa usharika, itajibiwa namba ileile ya mwezi uliopita. Mfadhili aliye mbali haioni droo. Anauona mstari uliosimama, anadhani kazi imesimama, na anaweza kuelekeza mchango wake kwingine huku mafundi wanasubiri kokoto.

Swali gumu zaidi ni nini kihesabiwe. Siku ya harambee ahadi huwa nyingi, na kamati hupenda zionekane siku hiyohiyo. Sisi hatuziingizi. Hata mnada wa mazao baada ya ibada ni hivyo hivyo: mkungu wa ndizi uliopata mnunuzi atakayelipa mwisho wa mwezi bado si fedha. Mstari uliojazwa kwa ahadi humfanya mtoaji wa mwisho aone hahitajiki tena, kumbe ndiye aliyebaki kununua bomba.

Nguvu kazi nayo ina malalamiko yake, na malalamiko hayo ni ya haki. Washarika waliosomba mawe na mchanga kwa wiki tatu hawaoni jasho lao popote kwenye mstari wa fedha. Maoni yangu ni kwamba tusiligeuze jasho hilo kuwa shilingi za kukisia ili tu rangi iongezeke. Afadhali uwepo mstari wa pili, wa ujenzi, unaoonyesha hatua zilizokamilika: msingi, kuta, mfuniko, mifereji ya paa. Mistari hiyo miwili haitakwenda sawa, wala si lazima. Fedha zinaweza kutimia asilimia 100 wakati tangi halijapigwa lipu.

Kuna jambo dogo la desimali linaloweza kuleta maneno makubwa. Zikipokelewa shilingi 23,900,000 kati ya 24,000,000, jibu ni asilimia 99.58. Skripti ikiagizwa kukadiria hadi namba nzima iliyo karibu, itaandika 100, na upungufu wa shilingi 100,000 utatoweka machoni. Kwa sababu hiyo inaagizwa kukata desimali, isomeke 99 hadi shilingi ya mwisho iingie.

Aidha, kamati ambazo bajeti yake haijapitishwa zisidai asilimia. HTML, lugha ya kurasa za tovuti, katika toleo la tano lililopitishwa rasmi mwaka 2014, ina alama maalum ya mstari huu. Usipoipa kiasi kilichofikiwa, kwa kawaida rangi hucheza huku na huku kuonyesha kwamba kazi ipo ila kipimo chake hakijulikani. Huo ni ukweli kuliko kubuni lengo.

Kwa michango ya euro au dola, tunaandika shilingi zilizoingia benki siku hiyo. Tukitumia thamani ya kila siku, mstari ungeweza kurudi nyuma bila mtu kuchukua hata senti.

Kando ya mstari tunaandika pia kiasi kwa tarakimu na tarehe ya mwisho kuingizwa, kwa ajili ya wenye simu zisizotekeleza skripti na kwa kamati zinazochapisha ukurasa na kuubandika ubaoni. Sharika zilizo mbali na ofisi zinaweza kutuma picha ya slipu kwa simu, mradi tarehe na namba ya akaunti visomeke. Slipu yenyewe iletwe na mtu wa kwanza atakayekuja mjini.