Mtumishi wa Mungu na Mfuko wa Fedha

Msomaji yeyote aliyewahi kuketi katika baraza la wazee wa kanisa anajua ya kuwa mkutano huanza kwa sala na kuishia kwa fedha. Paa linavuja, mchungaji hajapata posho yake, baiskeli ya mwinjilisti imeharibika. Wazee hutazamana. Kisha mmoja wao husema, "Twende kwa fulani," naye huyo fulani ni mtu mwenye mali. Ni mara chache mtu huuliza kama fulani huyo atataka kitu badala ya fedha yake.

Mimi ni karani, na kazi yangu ya kila siku ni vitabu vya hesabu. Kwa sababu hiyo wazee wa kanisa letu walinichagua kuwa mtunza hazina. Miaka michache iliyopita tulikuwa tumekwisha kujenga kuta za kanisa jipya, lakini hazina ilikuwa tupu, na mvua za masika zilikuwa karibu. Tulihitaji mabati 140. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa upande wetu akatuma habari kwamba yuko tayari kuyatoa yote, pamoja na misumari.

Habari hiyo ilinifurahisha sana, lakini ilikuwa na mkia. Mtu huyo alikuwa amesogeza mpaka wa shamba la mjane jirani yake. Mchungaji alikuwa amezungumza naye peke yake, kisha mbele ya wazee, na mwisho akamzuia asishiriki Meza ya Bwana mpaka atakapolitengeneza jambo hilo. Sasa alitaka arudishwe mezani, na habari za mpaka zisitajwe tena kanisani.

Nakiri mbele ya wasomaji ya kuwa mimi nilikuwa upande wa kukubali. Nilisimama nikasema kwamba mambo ya mashamba yana ofisi yake, na kwamba kuta za udongo haziwezi kungoja. Wazee wengi waliitikia. Mmoja alikumbusha methali isemayo mkono mtupu haulambwi. Mchungaji hakubishana nasi. Aliomba apewe juma moja, na tulipokuwa tukitoka akaniita, akasema, "Bwana Karani, wewe ni mtu wa hesabu. Hebu soma habari za mtu huyu, kisha uniambie kama hesabu zake ni sawa." Akanipa kitabu kilichokunjamana, chenye habari za George Müller.

MWIZI ALIYEGEUKA

George Müller alizaliwa mwaka 1805 katika Prussia, mahali ambapo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza ushuru, na mtoto huyu alikuwa akiiba fedha za serikali zilizowekwa nyumbani. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alitiwa gerezani kwa sababu alikaa katika hoteli na kula vizuri bila ya kulipa. Basi tusidhani ya kuwa mtu huyu aliweza kuidharau fedha kwa kuwa hakuujua utamu wake. Aliujua sana.

Mwaka 1825, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Halle, rafiki yake alimpeleka kwenye mkutano mdogo wa sala nyumbani kwa mtu, na tangu siku hiyo mwenendo wake ulianza kubadilika. Mwaka 1829 alivuka bahari akaenda Uingereza, na haikupita muda mrefu akawa mchungaji wa kanisa dogo katika mji wa Teignmouth, ulio pwani.

Mshahara wake ulikuwa pauni 55 kwa mwaka, nao ulitokana na kodi ya viti. Desturi ya makanisa mengi siku zile ilikuwa hivi: mwenye fedha alikodi kiti kizuri, na maskini aliketi palipobaki. Mwaka 1830 Müller aliwaambia watu wake kwamba hataupokea mshahara huo tena. Sababu zake zilikuwa wazi. Aliona si haki tajiri kuheshimiwa na maskini kuwekwa kando nyumbani mwa Mungu. Aliona pia kwamba kodi huwalazimisha wengine kutoa bila ya kupenda. Na tena aliogopa kwamba mhubiri anayelishwa na watu fulani hatimaye ataogopa kuwaudhi watu hao, na baadhi ya maneno yaliyompasa kusemwa yatabaki kooni.

Badala ya kodi aliweka sanduku katika kanisa, ili kila mtu atie apendavyo, pasipo mtu kujua nani ametia nini. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda, kwa kuwa niliikumbuka hotuba yangu mbele ya wazee.

YATIMA WA BRISTOL

Mwaka 1832 Müller alihamia mji wa Bristol, na mwaka 1836 akafungua nyumba ya yatima katika mtaa wa Wilson Street. Alitaka kuwalea watoto, na pia alitaka Wakristo waliokuwa wamechoka kwa mashaka waone kwa macho yao kwamba Mungu angali anasikia. Kwa hiyo alijiwekea sheria kali. Hatamwomba mwanadamu yeyote fedha. Hatakopa. Na kila senti iingiayo na itokayo itaandikwa.

Msomaji asidhani ya kuwa mambo yalikuwa rahisi. Mwezi wa Septemba 1838 fedha zilikwisha kabisa, na watenda kazi wenyewe walitoa vyao ili watoto wale. Siku ya tarehe 18 akaja mwanamke mmoja na pauni 3 na shilingi kadhaa, zilizotumwa na binti yake. Mama huyo alikuwa amefika kutoka London siku nne au tano kabla, na alikuwa amepanga karibu kabisa na nyumba ya watoto. Siku zile zote ambazo Müller na wenzake walikuwa wakiomba, fedha ilikuwa jirani.

Mwisho wa mwaka 1841 ulikuwa wakati wa kufanya mkutano wa kila mwaka na kutangaza hesabu. Hazina ilikuwa hafifu mno. Mtu mwingine angeharakisha mkutano, watu waone shida na kufungua mifuko. Müller aliuahirisha, kwa maana aliona kwamba kuitangaza shida wakati ule ni kuomba kwa njia ya kuzunguka.

Tena hakupokea kila kilicholetwa. Mshonaji mmoja maskini, aliyepata shilingi chache tu kwa juma, alirithi fedha akamletea pauni 100. Müller hakukimbilia kalamu aandike stakabadhi. Alimhoji kwa makini, akihofu ya kuwa mama huyo ametoa kwa pupa na atajuta baadaye. Akagundua kwamba kabla ya kutoa alikuwa amekwisha kulipa kwa siri madeni yaliyoachwa na marehemu baba yake. Hapo ndipo alipokubali.

Mwaka 1849 alifungua jumba la kwanza huko Ashley Down, nje ya mji, na kufikia mwaka 1870 yalikuwapo majumba matano yenye nafasi ya watoto 2,050. Alipofariki mwaka 1898, yatima waliopita mikononi mwake walikuwa zaidi ya 10,000, na fedha alizopokea kwa kazi zake zote zilikaribia pauni milioni moja na nusu. Mali aliyoiacha yeye mwenyewe haikufika pauni 200.

MASWALI YA KARANI

Kwa kuwa niliulizwa kama hesabu ni sawa, nilizipima. Wako watu waliosema ya kuwa taarifa alizopiga chapa kila mwaka zilikuwa namna ya kuomba, kwa maana msomaji aliguswa akatuma fedha. Neno hilo si la kupuuzwa. Lakini mtu atakaye kuomba kwa hila hataahirisha taarifa zake wakati wa njaa na kuzitoa wakati wa shibe. Tena kuficha hesabu ni hatari kubwa kuliko kuzitangaza. Nimejifunza kwake kwamba kumtegemea Mungu hakumpi mtu ruhusa ya kutotunza kitabu. Mhubiri asemaye, "Mimi namtegemea Mungu, kwa hiyo msiniulize fedha zimekwenda wapi," hajafuata njia ya Müller.

Jambo la pili ni kwamba imani haimkingi mtu na msiba. Müller alimzika mtoto wake mchanga mwaka 1835 na mkewe mwaka 1870. Na hapa kwetu Kenya tunao ushahidi. Mwaka 1895 kijana mmoja, Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow aliyekulia Marekani, alifika Mombasa pamoja na wenzake wachache wa Africa Inland Mission. Chama chao kilifuata desturi kama ile ya Müller, ya kutomwomba mtu fedha. Walikwenda kwa miguu mpaka Nzaui, Ukambani, wakajenga kituo chao cha kwanza. Mwezi wa Desemba 1896 Scott akafa kwa homa, akiwa hajatimiza miaka 30. Baada yake wenzake walikufa au kurudi kwao, hata ikaonekana kazi imekwisha. Lakini haikufa. Mwaka 1903 makao yalihamishiwa Kijabe, na hospitali iliyokua mahali hapo ingali inatibu wagonjwa hadi leo. Scott hakuyaona hata moja katika hayo. Mtu asiingie katika utumishi kwa kudhani ya kuwa imani ni biashara yenye faida ya upesi.

Jambo la tatu linatuhusu sisi tunaoketi vitini. Mungu hamtupi mja wake, lakini kwa kawaida hutumia mikono ya watu. Mimi nimesikia Wakristo wenye ng'ombe na chai wakisema mchungaji amtegemee Mungu, huku watoto wa mchungaji wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kujinyima kwa Müller lilikuwa shauri lake mwenyewe. Mtu hana haki ya kumfundisha mwenzake imani kwa kumnyima chakula. Mhubiri na amtazame Mungu, nasi tulitazame sanduku la sadaka.

TULIVYOAMUA

Juma lilipokwisha tulikutana tena. Mchungaji akaniuliza mbele ya wote, "Haya, Bwana Karani, hesabu ni sawa?" Nilijibu ya kuwa hesabu za Müller ni sawa, zilizokosea ni zangu. Nilikuwa nimeandika mabati 140 upande wa mapato, na upande wa matumizi sikuandika kitu, hali tungalitoa mpaka wa mjane na ulimi wa mchungaji. Mzee mmoja alikasirika akatoka. Waliobaki waliafiki kwamba mfanyabiashara yule ajulishwe kwa heshima kuwa mlango wa toba uko wazi, nao haulipiwi mabati.

Masika yalikuja na sehemu ya ukuta wa mashariki ikaanguka. Siwezi kuficha jambo hilo. Tulisali chini ya turubai, na wengine walitucheka sokoni. Kisha watu wakaanza kuleta walichokuwa nacho: kuku, mayai, mahindi, siku ya kazi ya mikono. Mjane yule alileta debe la maharagwe, nami nikaliandika kitabuni kama nilivyoandika ya wengine. Tumevuna mara tatu tangu siku ile, na mabati 112 yako juu. Yaliyobaki 28 hayajapatikana, na chumba cha wazee kingali kimeezekwa kwa nyasi. Mfanyabiashara hajarudi, na shauri la mpaka liko mbele ya wenye kazi hiyo.

Neno hili si la makanisa ya mashambani peke yake. Mwezi wa Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliamuru fedha nyingi zilizotolewa na viongozi wa siasa kanisani zirudishwe kwa wenyewe, asije mtu akadhani madhabahu inaweza kukodiwa. Kiasi kilikuwa mamilioni ya shilingi, na chetu kilikuwa mabati, lakini swali ni moja.

Wapendwa wasomaji, pengine mwaka huu kanisa lenu nalo litaletewa zawadi kubwa. Sisemi kila zawadi ya tajiri ina mtego. Wako matajiri watoao kwa moyo safi, na Müller alipokea za namna hiyo kwa shukrani. Lakini kabla ya kuandika stakabadhi, mtunza hazina na aulize: baada ya kupokea fedha hii, je, mchungaji wetu ataweza kusema Jumapili ijayo yale yale aliyokuwa akiweza kuyasema Jumapili iliyopita? Ikiwa jibu ni hapana, afadhali nyasi.