Kailula na Nguvu za Jioni

Aliyeamka kwa adhana ya alfajiri, akashinda kazini, akarudi kwa watoto wanaomngoja, akisinzia kabla ya isha hujilaumu kwamba imani yake imelegea. Lawama hiyo haina haki. Tangu tufumbue macho, ubongo unaofanya kazi hurundika kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo tunavyoelemewa na usingizi. Saa ya mwili hupambana na uzito huo kwa kutuchangamsha, lakini kati ya saa 7 na saa 10 mchana mchango wake hupungua. Wengi huulaumu wali. Mlo mzito huzidisha uchovu, ila hata watu waliopimwa bila kula chakula cha mchana walisinzia saa zile zile. Basi kailula, usingizi mfupi wa adhuhuri ambao Waislamu wameupokea kama sunna, huja pale mwili unapouhitaji. NASA iliwapima marubani wa safari ndefu kwa kuwapa mapumziko ya dakika 40. Walilala kama dakika 26 tu, na wakawa macho zaidi kuliko wenzao ambao hawakupumzika. Kahawa haiwezi kushika nafasi hiyo, kwani huificha adenosini bila kuipunguza, tena huchelewa kutoka mwilini: kwa wengi, nusu ya kafeini iliyonywewa saa 10 jioni bado imo mwilini saa 3 usiku.

Kuna pingamizi zito, nalo limetoka hapa hapa Tanzania. Utafiti wa mwaka 2015 uliowahusisha Wahadza wa Ziwa Eyasi, pamoja na jamii za Namibia na Bolivia, ulionyesha kwamba watu hao hulala mchana kwa nadra. Je, kailula si mazoea tu? Naona utafiti huo unatuonya juu ya usiku wetu kuliko unavyokanusha kailula. Wahadza hulala bila taa za umeme, na saa yao ya kuamka haibadiliki sana. Sisi hukesha mbele ya simu, kisha tukaidai asubuhi nguvu tulizokwisha kuzitumia. Wala alfajiri haina kosa. Watafiti wa Riyadh waliwapima wanaoamka kusali kisha wakalala tena, wakakuta kwamba muda wote wa usingizi ukilingana, kukatizwa huko hakukuwaongezea usingizi wa mchana. Kwetu karibu na ikweta, kati ya isha na alfajiri kuna saa 9 hivi mwaka mzima, ilhali Mwislamu wa London mwezi Juni hupata chache mno; kwake kailula ni ya lazima hasa.

Mchuuzi wa samaki na kondakta wa daladala hawana pa kulaza kichwa adhuhuri, na kwao dawa ni kulala mapema usiku. Lakini ofisi na maduka yanayotoa ruhusa ya sala ya adhuhuri yanaweza kuongeza dakika 20 na mkeka mmoja. Waajiri, wapeni wafanyakazi wenu nafasi hiyo, wafike kwa watoto wao wakiwa bado na nguvu.