Ndege ya Milia Yazaliwa Upya Karatu

Ukitoka Karatu na kupita lango la Loduare, barabara hupanda msituni hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Huko juu, kando ya njia, lipo kaburi la mawe lililojengwa mfano wa piramidi. Mwanangu wa miaka kumi aliyasoma maandishi yake, kisha akaniuliza: "Baba, aliyekuwa akiirusha ndege ni baba au mtoto?"

Ni mtoto. Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24, alifariki tarehe 10 Januari 1959 baada ya ndege yake kugongana na tumbusi. Yeye na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, walikuwa wamewahesabu wanyama wa Serengeti toka angani, kwa ndege aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia. Filamu yao juu ya kazi hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Baba alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakazikwa papo hapo, ubavuni mwa mwanawe.

Tangu siku hiyo kijana hakutaka jingine ila kuiunda ndege ile. Tuliichonga kwa mbao laini nyumbani kwa dada yangu, Karatu, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Mabawa ya mita 12 yakawa kama sentimita 17. Taabu ilikuwa milia, pamoja na herufi D-ENTE. (Neno "Ente" kwa Kijerumani ni bata; kijana alicheka sana.)

Dawa yake ni vibandiko vya maji. Huchapwa kwenye karatasi maalumu yenye gundi inayoyeyuka majini, na juu ya gundi utando mwembamba unaoshika wino. Tuliagiza karatasi mbili tu, maana si rahisi.

Ya kwanza niliiharibu mimi. Nilichapa kwa mashine ya dada ya wino wa maji, nikakata, nikatumbukiza. Milia ikatiririka kama wanja machoni mwa mwenye kulia. Mtoto hakusema neno. Aliitazama ile iliyobaki.

Wino wa namna hiyo hauna budi kufunikwa kwanza. Safari hii tuliuacha ukauke vyema, kisha tukapuliza vanishi angavu ya akriliki, tabaka tatu nyepesi, kila moja ikisubiri iliyotangulia. Ukipuliza nyingi kwa pupa, vanishi yenyewe itauyeyusha wino. Kazi hii ifanyike penye hewa, mbali na jiko. Lakini Karatu vumbi jekundu halina adabu, nasi tulilazimika kuamka alfajiri, kabla ya upepo.

Baada ya siku nzima tulikata vipande, tukaviloweka kidogo katika maji ya vuguvugu, tukangoja utando ulegee, tukautelezesha juu ya ndege. Mashine haina wino mweupe, hivyo ndege yenyewe tulikwisha kuipaka nyeupe, tena ya kung'aa, maana penye mikwaruzo hewa hunaswa chini ya utando na kuacha ukungu. Maji tuliyakamua kwa kitambaa laini toka katikati kwenda pembeni. Vilipokauka, tukapuliza vanishi mara ya mwisho.

Herufi ya mwisho, E, aliibandika mwenyewe. Imekaa upande kidogo. Shangazi yake alitaka kuinyoosha. Kijana akamshika mkono.